Kuvua kwa kayaki Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kuvua kwa fimbo na ndoano akiwa kwenye kayaki, kwa burudani na kitoweo, katika maji ya Tanzania ya Ziwa Viktoria. Mengi yanafaa pia kwa anayepiga kasia tu bila kuvua. Saa zote ni za Kiswahili.

Kayaki inafaa kweli ziwa kubwa kama hili?

Inafaa ukikaa karibu na nchi kavu. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi na kina chake kirefu ni kama mita 80, kwa hiyo upepo una nafasi ya kutosha kuinua mawimbi ya kimo cha bahari. Tofauti ni kwamba mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamebanana. La pili linakupiga kabla hujamaliza kupanda la kwanza.

Kayaki ya kuvulia inakwenda kilomita 4 au 5 kwa saa ukiwa na nguvu. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukikupiga usoni, mwendo huo unashuka hadi nusu au chini ya hapo. Anayeanza asizidi kilomita moja kutoka ufukweni, na achague ghuba au upande wa kisiwa unaokingwa na upepo.

Niingie majini saa ngapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kukiwa kumepambazuka vizuri. Saa nne uwe umeanza kurudi, saa tano uwe umetoka.

Sababu ni jinsi upepo unavyogeuka. Usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, hivyo upepo unavuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, na hali hiyo huendelea hadi asubuhi. Jua likishapasha nchi, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani kuja ufukweni, na mchana unazidi. Kwa Mwanza, ambako ziwa liko kaskazini, hii ina mtego wake: upepo wa asubuhi unakusukuma nje. Ufukweni maji yametulia kwa sababu umekingwa na vilima na mawe, unapiga kasia kidogo tu na unajiona hodari. Ukigeuka kurudi ndipo unagundua kazi yote ilikuwa ikifanywa na upepo.

Dawa yake ni ndogo. Ukishakwenda mita 200, simama, geuza kayaki, piga kasia kuelekea ulikotoka kwa dakika mbili. Ikiwa husogei vizuri, usiende mbele zaidi. Na kama ni Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki unapokuwa na nguvu, jaribu hilo kila baada ya mita 200 nyingine.

Dalili za hali ya hewa kubadilika ni zipi?

Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) jioni ya jana yake na tena kabla ya kutoka nyumbani. Ukiwa majini, tazama vitu vitatu. Cha kwanza ni ukanda mweusi juu ya uso wa maji unaosogea kuja kwako. Huo ni upepo, na una dakika chache tu. Cha pili ni mawimbi kuanza kutoa povu jeupe vichwani, hata kama ni machache. Cha tatu ni ngurumo. Ukiisikia hata mara moja, toka majini, maana wewe na fimbo yako ndio kitu kirefu kuliko vyote hapo. Fimbo za kaboni zinapitisha umeme: ilaze chini.

Radi za ziwa hili zina tabia ya kutokea usiku na alfajiri, hasa misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Wingu la usiku lililobaki juu ya ziwa saa kumi na mbili asubuhi halijaisha kazi yake. Subiri.

Nahitaji leseni hata kama navua samaki wawili wa kula?

Ndiyo. Uvuvi Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na uvuvi wa burudani una leseni yake. Mahali pa kuanzia ni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri unakokwenda kuvua. Nenda na kitambulisho au pasipoti, taja eneo na siku, lipa kwa namba ya malipo ya serikali na uchukue stakabadhi. Ada hubadilika, na mgeni halipi sawa na mwenyeji, kwa hiyo usitegemee bei uliyosikia kwa mtu.

Leseni ibebe majini ndani ya mfuko usiopitisha maji. Picha kwenye simu ni akiba tu, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuingia majini.

Baada ya ofisi, pita mwaloni, yaani pale ufukweni mitumbwi ya wavuvi inapotia. Kila mwalo una BMU, yaani kikundi cha wavuvi na wadau wanaosimamia rasilimali za uvuvi pale pamoja na serikali. Jitambulishe, onyesha leseni, sema unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Wageni wengi wanaruka hatua hii na kuiona ni urasimu. Lakini watu wa mwalo ndio watakaokuja kukutafuta kwa mtumbwi wa injini ukichelewa, na ndio wanaojua wapi nyavu zimetegwa usiku uliopita.

Na kayaki yenyewe?

Ukikodi, au ukisafirishwa kwa boti hadi sehemu ya kuvulia, mwenye chombo cha kubeba watu kwa malipo anapaswa kuwa na vyeti vya TASAC, shirika la wakala wa meli linalokagua vyombo vidogo pia. Omba kuviona. Jaketi okozi ni la lazima, tena livaliwe. Lililofungwa nyuma ya kiti halina msaada, kwa kuwa ukipinduka linaelea na kayaki wewe ukielea kwingine.

Samaki wa ukubwa gani naruhusiwa kubaki naye?

Sangara asiwe chini ya sentimita 50. Sato asiwe chini ya sentimita 25. Sangara wa sentimita 50 ana uzito wa kilo moja na nusu hivi, kwa hiyo usikadirie kwa mkono. Pima.

Kuna pia kikomo cha juu cha sangara, sentimita 85, ambacho nchi tatu za ziwa zilikubaliana ili kuwalinda majike wakubwa wanaotaga. Kanuni kuhusu kikomo hicho zimekuwa zikilegezwa na kukazwa, kwa hiyo muulize ofisa uvuvi siku unapochukua leseni. Kwa mvuvi wa burudani ushauri wetu haubadiliki: mkubwa mwachie. Sangara dume hukomaa mapema, jike huchelewa na huwa kubwa zaidi, hivyo sangara mkubwa sana ni jike karibu kila mara. Mayai yake ni mengi, na nyama yake ina mafuta kuliko ya yule wa sentimita 60. Hupotezi kitu.

Napimaje ndani ya kayaki inayoyumba?

Bandika utepe wa kupimia juu ya sakafu ya kayaki, mbele ya kiti, sifuri ikianzia kwenye kibao kidogo kilichosimama. Lowesha utepe, mlaze samaki mdomo ukiwa umefungwa na umegusa kibao, soma mwisho wa mkia. Kipimo ni urefu mzima, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Kosa la kawaida ni kusoma pale mkia unapoanzia, au kupima samaki aliyejikunja. Akiwa na sentimita 49 na nusu, anarudi majini. Utepe wa ofisa hautakuwa na huruma kuliko wako.

Zana gani zimekatazwa?

Kwa fimbo na ndoano huna shida. Lakini jua ni zipi, usije ukakodishiwa au kubebeshwa: kokoro, timba (zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki), nyavu za makila zenye macho chini ya inchi 6, sumu na baruti. Usipokee samaki wa zana hizo hata kwa zawadi, kwa sababu ukikutwa nao maelezo yatakuwa yako.

Fimbo na mshipi wa aina gani kwa sangara?

Fimbo fupi, mita 1.8 hadi 2.1. Ndefu zaidi ni mzigo ukikaa chini, na huwezi kumfikisha samaki ubavuni. Rili iwe ya kubeba mita 200 za mshipi wa kusuka wenye nguvu ya kilo 20 hivi. Mbele ya mshipi funga mita moja na nusu ya uzi mnene wa plastiki wa kilo 35 hadi 45. Sangara hana meno makali ya kukata, lakini mdomo wake ni kama msasa na vifuniko vya mashavu vina kingo za wembe. Uzi mwembamba unasagika polepole, kisha unakatika samaki akiwa mita mbili kutoka kwako. Ukishavua samaki mmoja, pitisha vidole kwenye uzi. Ukihisi mikwaruzo, kata na ufunge upya.

Chambo bandia cha umbo la samaki, urefu wa sentimita 12 hadi 18, kinachozama mita 3 hadi 6, ndicho kinachofaa kuburura nyuma ya kayaki. Achia mita 30 za mshipi, piga kasia kwa mwendo wa kawaida. Jambo moja ambalo wauzaji hawasemi: ng’oa zile ndoano za matawi matatu, weka ndoano moja moja zenye nguvu. Sangara hutikisa kichwa kwa fujo akifika juu, na wewe umekaa, mapaja yakiwa sawa na mdomo wake.

Yuko wapi, na msimu gani?

Kwenye mawe yanayoteremka ghafla, pembe za visiwa, na mipaka ya maji safi na maji ya tope baada ya mvua. Mwanza haina uhaba wa mawe. Sangara anahitaji oksijeni nyingi. Miezi ya joto, takriban Septemba hadi Aprili, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki, na yale ya chini huishiwa oksijeni, kwa hiyo samaki hupanda na kusogea kando, karibu na uwezo wa kayaki. Juni hadi Agosti upepo huchanganya maji, samaki hutawanyika hadi chini kabisa, na hapo mwenye boti ya injini anakuzidi. Pia ndiyo miezi ya upepo mbaya. Ukiwa na hiari, usichague Julai.

Nikimnasa mkubwa anayeivuta kayaki?

Mwache aivute. Kayaki ndiyo breki yako, na ni nzuri kuliko ya rili. Breki ya rili iweke kilo 4 au 5, si zaidi. Elekeza fimbo mbele daima, ili avute kayaki kwa urefu wake. Akipita chini yako kwenda upande wa pili, zamisha ncha ya fimbo majini na uizungushe kupitia mbele. Watu hawapinduliwi na ukubwa wa samaki. Wanapinduliwa na kuegemea upande mmoja mshipi ukiwa umekaza upande huo huo, kisha mshipi kukatika.

Sangara huchoka haraka. Akilala ubavu, mshike taya la chini kwa glovu au koleo la samaki. Usiingize vidole kwenye matamvua.

Namwachiaje asife?

Asitoke majini zaidi ya sekunde 30. Ndoano itoe akiwa ubavuni, kisha mshike taya huku ukipiga kasia polepole kwa mkono mmoja ili maji yapite mdomoni. Akianza kubana kidole, mwachie.

Aliyetoka kina cha zaidi ya mita 15 ni tatizo jingine. Hewa ya kibofu chake hutanuka njiani, tumbo linavimba, na ukimrudisha anaelea chali hadi ndege wa ziwani au mamba amkute. Kwa hiyo ikiwa umekusudia kuachia, usivue kina hicho. Ukimpata wa kina, mwenye urefu halali, mle.

Naweza kutumia samaki hai kama chambo?

Unaweza, akiwa ametoka ziwa hili hili. Wavuvi wa ndoano hutumia furu, samaki wadogo wa ziwa hili, na vifaranga vya kambare. Usilete samaki hai kutoka bwawa au mto mwingine, na usimwage waliobaki mahali pengine. Sangara mwenyewe aliletwa hapa katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu hazijaonekana tena tangu alipoenea.

Na sato?

Sato ni uvuvi wa utulivu: ndoano ndogo namba 6 au 8, chubwi kidogo, mnyoo au donge la ugali mgumu, kina cha mita 1 hadi 3 pembeni mwa matete. Ukimtoa jike akaanza kutema mayai au vifaranga, ndivyo alivyo, analea mdomoni. Mrudishe mara moja.

Gogogo naye atakula chambo hicho. Ana miiba mitatu inayosimama na kujifunga; usimbane kwa kiganja, kata uzi ikibidi.

Nimekutana na nyavu za watu. Nifanye nini?

Zunguka. Zinatambulika kwa madumu au vipande vya plastiki vinavyoelea kwa mstari, mara nyingine kukiwa na kimoja tu kila mwisho na mamia ya mita katikati bila alama. Chambo chako kikinasa humo, sogea hadi juu yake, jaribu kukichomoa kwa kuvuta upande ulikotoka, kisha kata mshipi. Usinyanyue wavu wa mtu. Kwa mbali anayenyanyua wavu na anayeiba samaki wanafanana, na mwaloni hakuna atakayekusubiri ueleze. Usiku usitoke kabisa: mitumbwi ya dagaa inakwenda kasi baina ya taa zake, na kayaki haionekani.

Kayaki ya aina gani, na nibebe nini?

Ya kukalia juu, urefu wa mita 3.2 hadi 4, upana wa sentimita 75 hadi 85. Ile ya kuingia ndani ni nzuri kwa mwendo lakini ikijaa maji, asiyefundishwa hawezi kuitoa. Kama imeandikwa inabeba kilo 150, hesabu 105 kwa jumla ya wewe na mzigo; ikizidi hapo inakaa chini na maji yanapanda kupitia matundu ya sakafu.

Vya lazima: jaketi okozi lililovaliwa, filimbi iliyofungwa kwenye jaketi, kisu unachoweza kukifikia kwa mkono wowote, kamba ya kufunga kasia kwenye kayaki, bendera ya rangi kali juu ya kijiti cha mita 1.2, simu kwenye mfuko usiopitisha maji, na maji ya kunywa lita 3. Ya ziwa hayanyweki bila kutibiwa. Namba za dharura ni 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji.

Na kizibo cha nyuma. Kinafunguliwa jana kumwaga maji, leo kinasahaulika. Kayaki inajaa taratibu bila wewe kuona, maji yanakimbia upande ule unaoegemea, na inapinduka kwenye maji yaliyotulia kabisa. Shika kizibo kwa mkono kila unapoisukuma majini.

Nikipinduka?

Shika kayaki kabla ya kitu kingine chochote. Upepo unaisukuma haraka kuliko unavyoogelea. Kaa upande unakotoka upepo, nyoosha mikono hadi ubavu wa pili, vuta uigeuze. Kisha jilaze majini kifudifudi, piga miguu, jivute hadi kitovu kiwe juu ya kiti. Tulia hapo. Geuka ulale chali, kalisha makalio, ingiza miguu mwisho. Wanaoshindwa ni wanaotaka kupanda kama wanapanda ukuta, miguu ikiwa chini. Kayaki inawageukia tena. Fanya mazoezi mara tano kwenye maji ya kifua, siku isiyo ya kuvua, ukiwa umevaa jaketi.

Nanga nifunge wapi?

Mbele au nyuma, kamwe si ubavuni. Nanga ya kilo moja na nusu inatosha, na kamba iwe mara tatu ya kina au zaidi. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Kwenye mawe ya Mwanza nanga hukwama mara kwa mara. Funga boya dogo mwisho wa kamba, iache, urudi kuichukua baadaye.

Viboko na mamba wapo?

Wapo, hasa midomo ya mito, ghuba zenye matete na maeneo yenye magugumaji. Kiboko akishtuka hukimbilia maji ya kina, na ukiwa umekaa kwenye njia hiyo atapita juu yako. Usikae baina yake na kina. Unapoingia ghuba usiyoijua, gonga ubavu wa kayaki kwa kasia kila baada ya muda ili ainue kichwa ukiwa mbali. Kwa mamba: usining’inize miguu, usivute samaki kwa kamba majini, usipae samaki ukiwa kwenye kayaki.

Kichocho je?

Hatari iko kwenye maji ya kando yenye mimea, wanakokaa konokono wanaokibeba, na ni kubwa zaidi saa za jua kali, kuanzia saa nne hadi saa nane mchana. Ingilia ufukwe wa mawe au mchanga usio na majani, vaa viatu vya maji, usisimame majini bila sababu. Dawa ni praziquantel, na kipimo chake kinategemea uzito wako. Usiimeze siku ya kurudi: inaua minyoo iliyokomaa, michanga haiiwezi. Pima baada ya wiki 6 hadi 8, na umweleze daktari ulikuwa ziwani.

Naweza kuvua Rubondo?

Kwa kibali cha TANAPA tu, shirika la hifadhi za taifa, pamoja na ada ya kuingia hifadhini. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo ilitangazwa 1977, na karibu nusu ya kilomita zake za mraba 456.8 ni maji. Unaweza kuwa umeshaingia hifadhini na kisiwa bado kiko mbali. Leseni ya halmashauri haikusaidii humo. Ndivyo ilivyo pia kwa kisiwa cha Saanane, ingawa iko hatua chache kutoka mjini.

Leseni ya Tanzania inanifikisha maji ya Kenya au Uganda?

Hapana. Ziwa halina uzio lakini mpaka upo, na doria zipo. Wala usidhani kanuni za ziwa moja zinahamia jingine: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, huku Viktoria ikiendelea. Anayepanga safari ya Kigoma au Mahale aulize kwanza kuhusu miezi hiyo.

Nikipata wengi, naweza kuuza mwaloni?

Kuuza samaki ni biashara yenye leseni yake, na ya burudani si hiyo. Wa ziada waachie wakiwa bado hai majini.